Mfumo Uko Hewani, Mimi Niko Nje

"Batani. Batani. Grafiki. Batani."

Hivyo ndivyo mfumo wa kusajili kozi ulivyonisomea usiku wa mwisho wa usajili, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mimi sioni. Kompyuta yangu hunisomea kilichopo kwenye skrini kupitia programu ya NVDA, na NVDA haibahatishi. Aliyetengeneza ukurasa akiweka kijipicha cha diski bila kukipa jina kwa nyuma, mimi naambiwa hapa kuna batani, basi. Ya kuhifadhi au ya kufuta? Bonyeza ujue. Nikabonyeza, kozi nne zikaondoka.

Nikafanya wanachofanya karibu wote wasioona niliosoma nao: nikampa mtu nenosiri. Mwenzangu wa chumbani alimaliza kila kitu kwa dakika tano, na namshukuru mpaka leo. Ila tangu siku hiyo matokeo yangu akawa anayajua kabla yangu, na deni la ada pia. Kufika mwaka wa tatu nenosiri langu lilikuwa kwa watu wanne, na mmoja wao tulikuwa hatusalimiani tena. Mwaka wa kwanza, tulipokuwa bado tunajaza fomu za karatasi, angalau nilikwenda dirishani nikaeleza shida yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sisemi turudi kwenye karatasi. Karatasi haijawahi kunisomea hata neno moja. Ninachosema ni kwamba asiyeona akikwama, lawama hupelekwa kwa fundi aliye mbali au kwa kitu kinachoitwa "teknolojia". Mimi namlaumu mnunuzi. Chuo ndicho kinachochagua mfumo, kinausainia mkataba, halafu kinatangaza kwamba kuanzia semesta ijayo hakuna njia nyingine.

Wamarekani wasioona waliliona hili mapema. Machi 2011 shirikisho lao la kitaifa, NFB, liliiomba Wizara ya Sheria ya Marekani ivichunguze vyuo vikuu vya New York na Northwestern kwa kuwapa wanafunzi na wafanyakazi zana za Google ambazo asiyeona hakuweza kuzitumia sawasawa. Tazama walikobisha hodi: mlangoni kwa mteja. Septemba ya mwaka huohuo Google ikatangaza maboresho kwenye Docs, Sites na Kalenda. Sidai kwamba malalamiko yale peke yake ndiyo yaliyoleta maboresho, lakini muuzaji husikia haraka zaidi mwenye pochi anapokuwa matatani.

Leo naandika kwenye Google Docs bila ugomvi mkubwa. Nabonyeza Ctrl, Alt na Z kuwasha usaidizi wa kisoma skrini, nasikia maoni ya mwalimu, naruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kinachonishinda ni kazi za kundi. Mwenzangu akitaka kichwa cha habari anakoleza wino na kukuza herufi, hachagui mtindo wa kichwa uliomo kwenye menyu. Yeye anaona kichwa, mimi nasikia mstari kama mistari mingine, na ripoti ya kurasa thelathini inakuwa pori lisilo na njia. Kwenye jedwali la michango, kiongozi anaandika: "Walio kwenye nyekundu hawajalipa." Dada mmoja kundini aliniuliza kwa nini sijatoa changu. Nilikuwa nimeshatoa, nilikuwa kijani. Na kuna mwalimu anayepiga picha kurasa za kitabu, anazifanya PDF, anazipandisha. NVDA ikifika hapo inaniambia hati ni tupu.

Sasa niwape la Kiswahili, maana hili silisikii likisemwa. NVDA inakuja na sauti ya eSpeak, na eSpeak inajua Kiswahili. Inaongea kama mtu mwenye mafua aliyefungiwa kwenye pipa, lakini inaeleweka. Kila ukurasa wa intaneti unatakiwa kujitambulisha ni wa lugha gani kwa herufi mbili ndani ya msimbo wake: Kiswahili ni "sw". Kurasa nyingi za Kiswahili ninazokutana nazo zimejiandikisha "en", kwa sababu fundi alinakili kiolezo cha Kiingereza akabadilisha maneno tu. Basi programu inatii: inashika sauti ya Kiingereza na kunisomea "Tangazo kwa wanafunzi wote" kama mtalii wa siku ya kwanza Kariakoo. Nimewahi kusikiliza tangazo la mitihani mara tatu nikidhani ni la chakula. Herufi mbili!

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Vipimo vya kiufundi navyo vipo kwenye WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kutengeneza kurasa ambazo wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, mpaka tofauti ya rangi ya maandishi na mandhari yake: isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Rafiki yangu mwenye ualbino angewabusu mikono kwa hicho kimoja tu, maana anachoka na kijivu juu ya nyeupe.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo ni dogo. Kabla ya kusaini, ng'oeni kipanya, mkalisheni mwanafunzi mmoja asiyeona, asajili kozi, apate namba ya malipo, afanye kwizi, aone matokeo. Peke yake, mpaka mwisho. Msiniambie habari za bajeti: NVDA ni ya bure tangu ilipoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha James Teh akaungana naye, wote wawili wasioona.

Nilipolipeleka hili ofisi ya mifumo, mkubwa mmoja aliniuliza, "Kwani mko wangapi, mdogo wangu?" Tulikuwa saba. Sita walikuwa wamegawa manenosiri yao, na ofisi hiyohiyo ilikuwa inatutumia ujumbe kila mwezi kwamba tusimpe mtu yeyote nenosiri.

Aliyenisaidia ni kijana aliyekuwa pale kwa mafunzo ya vitendo. Alinifuata kwenye korido, akaniomba nikae naye. Mchana mmoja ulitosha. Nilipogusa kitufe cha Tab, sauti ikasema, "Hifadhi, batani." Nikagusa tena. "Futa, batani."

Usiku ule nilibadilisha nenosiri.