Eti mnene havunjiki?

Juzi shangazi kakanyaga ganda la embe huku Ngamiani, chini puu, kifundo cha mguu kikavimba kama andazi. Tunarudi hospitali hogo liko mguuni, jirani kaja kutoa pole, la kwanza kusema: "Bi mkubwa, na mwili wote huo unavunjikaje?" Watu wakacheka, shangazi naye akacheka, mi nikanuna mpaka magharibi.

Haya, nakubali shingo upande: uzito unaukaza mfupa, na mafuta ya mwilini yanaendelea kutengeneza estrojeni, ile homoni ya kike inayolinda mifupa, hata hedhi ikishakoma, ndo maana wembamba wanavunjika nyonga zaidi. Sawa. Kifundo cha mguu je? Hapo wanene ndo wanaongoza.

Shida tunayaona mafuta kama godoro. Mafuta yanaongea bwana! Mtafiti Jeffrey Friedman na wenzake waliigundua leptini New York mwaka 1994, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta, na yenyewe kigeugeu: ikizigusa seli za mfupa inasaidia ujenzi, ila kwa panya ikipitia ubongoni inaupunguza. Adiponektini, homoni nyingine ya mafuta, nayo ndo mtihani, walio nayo nyingi mara nyingi mifupa yao myepesi, na wenye nayo nyingi ni wembamba! Kitambi kinamwaga kemikali zinazoamsha seli zinazokula mfupa.

Ila kinachonikosesha raha ni uloto. Pasua mfupa wa supu uone yale mafuta tunayofyonza mpaka tunapiga chini kwenye sahani yatoke, basi na sisi tunayo, na yanaongezeka umri ukienda, kwa sababu seli mama inayozaa mjenzi wa mfupa ndo hiyohiyo inayozaa seli ya mafuta, na uzeeni inaegemea kwenye mafuta. Yaani fundi mwashi kaacha ukuta haujaisha kaenda kukaanga maandazi, tena humohumo ndani ya nyumba! Na hayo kwa nje huyaoni, mtu anaweza kukonda kama ufagio huku uloto umejaa mafuta.

Hospitali eksirei, hogo, kwaherini. Nikauliza habari ya kupima ujazo wa mifupa, nesi akamtazama shangazi juu mpaka chini: "Mbona mama ana afya?"

Jirani leo kaleta uji wa pilipili manga. Nimeupokea. Bado nimenuna.