Usiulize Kwanza Wanaonyesha Nini

Kila Ijumaa napita mbele ya jumba dogo la sinema la mtaani kusoma ubao. Ni ubao wa herufi za plastiki zinazopachikwa moja moja kwa fimbo ndefu, na herufi zenyewe hazitoshi. Wiki iliyopita W ilikuwa M iliyogeuzwa kichwa chini. Filamu ni tatu tu: saa kumi jioni ya watoto, saa moja usiku ya mwongozaji ambaye sijapata kumsikia, na saa tatu na nusu usiku ya zamani, picha nyeusi na nyeupe.

Rafiki zangu wakijua nimekwenda huko, swali ni lile lile: "Kwani wanaonyesha nini?" Nikitaja jina, wanauliza kaigiza nani. Nikisema sijui, wananitazama kama mtu aliyepanda basi bila kuuliza linakwenda wapi. Basi ndivyo, sikuuliza, wala sina mpango wa kuanza kuuliza.

Jumba lenye skrini 16 halina haja ya kuchagua. Linatupa wavu, filamu hii ikikosa watu, ile ya mlango wa pili itawapata. Skrini moja haina mchezo huo. Saa moja usiku inakuja mara moja kwa siku, mara saba kwa wiki. Kila jina linalopanda kwenye ubao limeyaacha majina mengine chini, na kuna mtu mmoja ambaye kodi ya mwezi huu inategemea kama aliona vizuri. Ninapokata tiketi bila kuuliza, ninaiamini kazi ya mtu huyo kuliko ninavyoziamini zile safu za vijipicha vya filamu kwenye runinga yangu, ambazo nimewahi kuzipekua hadi usingizi ukanichukua na rimoti mkononi.

Isitoshe, kutojua si jambo geni katika sinema. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wa Lumière, Wafaransa waasisi wa sinema, walipoonyesha picha zao Paris kwa watazamaji waliolipa, ratiba ilikuwa na filamu 10, kila moja haifiki dakika moja. Inasemekana waliolipa walikuwa kama 33. Hakukuwa na nyota wa kumuulizia wala sehemu ya kwanza ya kulinganisha nayo. Waliingia kuona kuna nini.

Sasa, nisimpambe mwenye jumba kana kwamba anachagua kama mfalme. Msambazaji ndiye mwenye filamu, na filamu kubwa huja na masharti: sehemu kubwa ya mauzo ya tiketi ni yake, hasa wiki za mwanzo, na wiki ngapi ikae hupangi wewe. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba kwa filamu yake mpya ya Star Wars, Disney ilitaka asilimia 65 ya mauzo na wiki 4 katika ukumbi mkubwa kuliko yote wa jumba husika. Mwenye skrini 16 atatoa ukumbi mmoja na maisha yataendelea. Kwa mwenye skrini moja, ukumbi mkubwa kuliko yote ndio huo huo mdogo kuliko yote. Mwezi mzima, usiku na mchana, filamu moja, hata kama mtaa wote ulishaiona wiki ya kwanza. Baadhi ya majumba madogo ya Marekani yalikataa, na mimi nayavulia kofia.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Studio kubwa za Marekani zilikuwa zikiuza filamu kwa fungu: ukitaka ile yenye nyota, chukua na hizi nyingine, nyingine hata hazijatengenezwa. Mbuzi kwenye gunia. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipiga marufuku mtindo huo mwaka 1948. Mwaka 2020 jaji akaridhia masharti yaliyotokana na hukumu ile yafutwe, akatoa miaka 2 ya mpito kwa baadhi yake. Mwaka huo huo studio ya Universal na kampuni ya majumba ya sinema ya AMC zikakubaliana kwamba filamu inaweza kukodishwa na watu waitazame nyumbani kwao baada ya siku 17. Jumba dogo ambalo huipata filamu baada ya wakubwa kuikamua linaikuta tayari imeketi sebuleni kwa watu.

Kuna jioni moja nilikuwa nimekaa safu ya nne, saa moja imepita, saa moja na robo imepita, skrini nyeupe. Watu kama 30 tunakohoa. Mwenye jumba akatoka mbele, akasimama chini ya skrini na simu mkononi, akasema: "Jamani, filamu tunayo, ufunguo hatuna." Siku hizi filamu huja kama faili, kwenye diski iliyolazwa ndani ya kasha la sponji au kwa intaneti, nayo imefungwa. Ufunguo ni faili nyingine ndogo, hutumwa peke yake, na huifungua filamu kwenye projekta ya jumba hilo tu, kuanzia saa fulani ya siku fulani hadi saa fulani. Msambazaji alikuwa ametuma ufunguo unaoanza kesho yake, na ofisini kwake watu walishakwenda nyumbani.

Nilipanda baadaye kwenye chumba cha projekta kumpa pole. Mtambo unanguruma kama friji, hakuna cha kushika. Enzi za mkanda wa milimita 35, akanieleza, filamu ya saa mbili ilikuwa mizingo mitano au sita ya mkanda, kila mmoja karibu dakika 20, na fundi alikaa macho akisubiri kidoa kinachowaka pembeni juu kulia ili awashe projekta ya pili. Mzingo ulikuwa mzito, mkanda ulikatika, uliubandika kwa utepe wa gundi ukaendelea. "Hii," akasema akigonga mtambo kwa kidole, "ikikataa, imekataa."

Lakini nimeruka mbele. Ukumbini alitupa hiari: turudishiwe pesa, au atuwekee filamu ambayo ufunguo wake ulikuwa hai. Ilikuwa ile ya watoto ya saa kumi. Nusu waliondoka. Tuliobaki, watu wazima watupu, tuliangalia vikaragosi kwa dakika 90. Mzee mmoja safu ya mbele alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na jirani yake asiyemjua akampiga-piga mgongoni bila kuondoa macho kwenye skrini. Nisingekata tiketi ya filamu ile hata kwa kubembelezwa, na nimeikumbuka kuliko ile niliyoifuata, ambayo niliiona kesho yake.

Nina kinyongo kimoja na wenye majumba haya, na si kidogo. Filamu za lugha nyingine, zenye tafsiri ya maandishi chini ya picha, huzificha saa tatu na nusu usiku, siku ya Jumanne, kisha husema hazina watu. Zitapata wapi watu saa za popo? Na wiki moja haitoshi. Filamu isiyo na matangazo hutangazwa kwa mdomo, na mdomo unahitaji muda. Mtu akimaliza kumsimulia mwenzake, herufi zimeshashushwa. Ipe filamu wiki mbili na saa ya heshima, halafu ndipo uihukumu.

Leo ni Ijumaa. Filamu ya saa moja ina jina refu kiasi kwamba wameishiwa na A, mbili za mwisho wameziandika kwa chaki. Ni saa moja kasoro dakika kumi, na dirisha la tiketi halina foleni.