Viazi vya mama havikuwa na jina

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Oktoba, naomba ruhusa ya siku mbili kazini, na wenzangu wameshaacha kuniuliza naenda wapi. Naenda Fryeburg. Ni mji mdogo wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mpakani kabisa na New Hampshire, una watu kama 3,400 hivi. Kutoka Portland ninakoishi ni mwendo wa saa moja na ushei kwa gari. Njia nzima miti imebadilika rangi, mingine myekundu kama pilipili iliyoiva, mingine ya manjano, na majani yameanza kupukutika. Kamusi zetu huyaita majira haya vuli, lakini hapa hakuna mvua ya kupandia. Ni wakati wa kuvuna na kulifunga shamba kabla theluji haijashuka.

Maonesho yao ya kilimo yalianza mwaka 1851. Huchukua siku nane, Jumapili hadi Jumapili, na ndiyo hufunga msimu wa maonesho ya jimbo zima. Mwaka 2020 yalisimama kwa sababu ya korona, na watu wa pale wakizungumzia mwaka ule wanazungumza kama waliofiwa.

Ninachokifuata si bembea kubwa zinazozunguka wala vyakula vya kukaanga, ingawa watoto wangu wao wangekaa hapo siku nzima. Nakwenda moja kwa moja kwenye jengo la mazao. Ndani kuna meza ndefu, na juu ya meza kuna sahani. Sahani ya viazi vitano. Sahani ya karoti. Sahani ya maharage makavu. Vitunguu vilivyosukwa kwa majani yake. Chupa za matunda ya kusindika, jemu, mikate, mablanketi ya viraka yaliyotundikwa ukutani. Kila kitu kina kadi, na kwenye kadi kuna jina la mwenye mali na mji anakotoka. Majaji wameshapita. Aliyeshinda kawekewa utepe wa bluu, wa pili mwekundu, wa tatu mweupe. Mara nyingine jaji ameandika sababu: viazi hivi havilingani ukubwa, hiki kina jeraha la jembe.

Mwaka juzi nilimkuta mzee mmoja, mwenye utepe mweupe, amesimama mbele ya sahani ya mshindi wa kwanza. Ameinama, mikono kaifunga nyuma, anavitazama vile viazi vitano. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasoma. Nilisimama pembeni nikajikuta machozi yananitoka, na sikumwambia mtu yeyote kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Umalila, mkoani Mbeya, Tanzania, kule juu ya Mbalizi, kwenye ukungu, viazi na pareto. Nane Nane yetu, yaani maonesho ya sikukuu ya wakulima ya tarehe nane Agosti, ilikuwa Uyole, viwanja vya John Mwakangale. Mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili, walipita watu kijijini mwezi wa saba wakatafuta viazi vizuri vya kupeleka kwenye maonesho. Wakaelekezwa kwa mama. Mama alichagua usiku kucha. Aliweka kimoja kimoja kwenye debe, anakifuta udongo kwa kitambaa, hakioshi, maana kiazi kilichooshwa hakikai. Debe zima akalitoa bure, na akaona fahari.

Tarehe nane mwezi wa nane tukateremka na lori la vitunguu hadi Mbalizi, tukapanda daladala hadi Uyole, tukalipa kiingilio. Tukazunguka mabanda mpaka tukaviona. Mtu anayelima viazi huvijua viazi vyake, huhitaji kumweleza. Vilikuwa kwenye kikapu kizuri, na juu yake kibao chenye jina la mradi. Jina la mama halikuwepo. Jina la kijiji halikuwepo. Kijana mmoja aliyevaa fulana ya mradi akamkaribisha mama kwa heshima, akamweleza namna ya kulima viazi bora kama vile, nafasi kati ya mche na mche, mbolea, dawa ya ukungu. Akampa na kipeperushi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante mwanangu." Halafu akatununulia miwa tukarudi nyumbani.

Simtaji mtu wala mradi, na yule kijana hakuwa na kosa lolote, alifanya kazi aliyotumwa. Lakini yapata miaka ishirini sasa, na kila nikiona kadi ya Fryeburg yenye jina la mkulima juu ya sahani, nakumbuka kile kikapu.

Ninachotaka kusema ndicho hicho. Kwetu tumejenga maonesho ya kilimo ambayo mkulima huenda kutazama. Hawa wamejenga maonesho ambayo mkulima huenda kutazamwa. Nane Nane imekuwa sikukuu ya mabanda: la benki, la kampuni ya simu, la taasisi, la wizara, na mkulima anapita katikati anapokea vipeperushi. Sisemi haina faida. Tarehe 8 Agosti 2022 ruzuku ya mbolea ilizinduliwa palepale Uyole, na kaka yangu alijiandikisha, akaipata, mahindi yake yakaonekana. Serikali kuzungumza na wakulima mahali pamoja, siku moja, ni jambo kubwa, na huku sijaliona kwa sura ile. Ila mkulima naye ana la kusema, na namna yake ya kulisema ni kuweka mazao yake mezani.

Kuna kitu kingine kinachonikaa moyoni kuhusu Fryeburg, nacho ni mizani. Kule kila kitu hupimwa. Maboga makubwa ajabu hupandishwa kwenye mizani kwa mashine, watu wamezunguka wanasubiri namba. Hata maksai! Wanaleta maksai wawiliwawili wamefungwa nira, wanashindana kuvuta mzigo mzito uwanjani, lakini kabla ya kuvuta wanapimwa uzito ili jozi zishindane na zinazolingana nazo. Wa nchi hii hawalimi tena kwa maksai, wana matrekta, lakini wamewatunza wale wanyama na ufundi wa kuwaongoza kwa sauti na kijiti. Babu yangu angekaa pale siku nane zote.

Sasa fikiria: ng'ombe wa kushindana tu anapimwa, ila viazi vya mama, ambavyo ndivyo ada ya shule yangu ilikotoka, havikupimwa hata mara moja. Viliuzwa kwa lumbesa. Gunia linajazwa, halafu linashonewa kilemba juu, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na imesemwa miaka na miaka. Shambani mizani haipo, mnunuzi ana lori na mkulima ana viazi vinavyoanza kuchipua. Ningependa maonesho ya kwetu yawe na mizani kubwa katikati ya uwanja, kila mtu aje na gunia lake lipimwe mbele ya watu wote bila malipo, namba isomwe kwa sauti.

Nisije nikaeleweka vibaya. Nimeishi huku miaka ya kutosha kujua kinachofichwa na tepe za rangi. Mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya Maine yanafungwa moja baada ya jingine. Wengi ninaowaona pale mezani ni wazee, na watoto wao wako mijini. Kaskazini, katika wilaya ya viazi inayoitwa Aroostook, shule zilikuwa na desturi ya kufungwa wiki kadhaa kila msimu wa mavuno ili watoto wasaidie kuvuna, na hata hiyo imepungua kwa sababu mashine zimechukua kazi. Halafu kuna upweke. Nafanya kazi ya kutunza wazee, na baadhi yao walikuwa wakulima. Mmoja ana tepe za bluu ukutani, amezipanga kwa mwaka, na mtu wa kumtembelea humwona wakati wa Krismasi. Mama hana utepe hata mmoja, lakini hajawahi kula chakula cha jioni peke yake. Akivuna, jirani anapata, mjane wa nyumba ya chini anapata, hata aliyegombana naye wiki iliyopita anapelekewa kisado. Hicho Maine hawana, na hakinunuliki kwa kiingilio.

Basi sitaki tubadilishane. Nataka lile moja tu: jina la mkulima juu ya mazao yake.

Na si lazima tuanze na uwanja mkubwa. Historia ya maonesho haya ya Marekani inaanzia na kondoo wawili. Mwaka 1807, katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts, mtu anayeitwa Elkanah Watson aliwaleta kondoo wake wawili wa aina ya merino, wenye manyoya laini, akawaonesha uwanjani hadharani chini ya mti. Watu wakajaa kuwaangalia. Akawaza: kama kondoo wawili wanakusanya watu hivi, mifugo ya wilaya nzima je? Mwaka 1810 wakafanya maonesho ya ng'ombe, mwaka uliofuata wakawa na chama chao cha kilimo, na mtindo ukaenea nchi nzima. Hakukuwa na jukwaa la mgeni rasmi. Kulikuwa na mti.

Miti tunayo. Kila kata ina shule ya msingi yenye uwanja na mwembe au mkaratusi. Mwezi wa nane mahindi yameshavunwa, watu wana nafasi kidogo. Weka madawati ya shule nje, tandika khanga, kila mtu alete viazi vitano, au maharage kilo moja, au mkungu, au asali, au mkeka aliosuka. Andika jina lake. Wanawake wasiachwe nyuma, maana wao ndio wenye mbegu. Fryeburg kuna hata mashindano ya wanawake kurusha kikaango cha chuma, wanashindana kwa rika, na bibi wa miaka sabini akirusha uwanja wote unapiga makofi. Sisi tunaweza kushindana kutwanga, au kubeba ndoo bila kushika. Watoto waje na kuku waliowalea wenyewe. Huku nimewaona watoto wa klabu za vijana za kilimo wakiongoza ndama waliyemlea tangu mdogo, wamevaa mashati meupe, wanajibu maswali ya jaji bila kutetemeka: anakula nini, ana uzito gani, umemchanja lini. Mtoto anayejibu hivyo mbele ya watu hatakionea aibu kilimo maishani mwake.

Gharama yake? Nimepiga hesabu. Sahani za karatasi, kalamu za wino mzito, mita kadhaa za utepe wa rangi tatu kutoka dukani kwa fundi cherehani, na mizani ya kukodi. Ni pesa ambayo sisi tulio nje tunaituma kwa harusi moja bila kufikiri mara mbili.

Nimemweleza kaka, amekubali kwenda kuongea na mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji. Nimeanza na kijiji kimoja, cha kwetu. Juzi nikampigia mama nikamweleza yote, tangu sahani mpaka tepe. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza majaji watatoka wapi. Nikamwambia tutachagua wazee watatu wa pale kijijini.

"Hapana," akasema. "Watoke mbali. Watoke Ileje au Rungwe huko, wasiotujua. Na hizo kadi zifunikwe mpaka wamalize."