Mtabiri wa mvua tunamcheka, mtaja tarehe tunamwamini

Kurasa za “Siku kama ya leo”, yaani za almanaka, zina mashabiki wengi, na mimi nimo. Nazipenda kwa ule mchanganyiko wake: hali ya hewa juu kabisa, kisha siku ya kimataifa ya kitu ambacho hukuwahi kudhani kina siku yake, kisha jambo la ajabu kuhusu pweza au sayari, halafu orodha ya nani alizaliwa, nani alifariki na vita gani vilianza. Dakika mbili umemaliza, na umepata la kuzungumza kutwa nzima.

Ila kuna kitu kinanikera. Katika vipengele vyote hivyo, tunachokidharau ndicho pekee kinachofanya mtihani kila siku. Mtabiri akisema mvua itanyesha na jua likawaka, kufika jioni ameshakuwa kichekesho. Aliyeandika kwamba mwanazuoni fulani alifariki tarehe fulani hakuna anayemhoji, na kosa lake linaweza kunakiliwa kizazi hadi kizazi.

Dharau hii haikuanza leo. Robert FitzRoy, nahodha wa meli ya Beagle iliyomzungusha Charles Darwin duniani, ndiye aliyeanzisha utabiri wa hali ya hewa kwa umma katika gazeti la The Times la London, 1 Agosti 1861. Hakufanya hivyo kwa kujifurahisha. Miaka miwili nyuma, dhoruba ilikuwa imeizamisha meli ya Royal Charter kwenye pwani ya Wales, watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha. FitzRoy akawa anapokea kwa telegrafu vipimo vya upepo na mgandamizo wa hewa kutoka vituo vya pwani, anavilinganisha, anakadiria ya kesho. Akipatia, kimya. Akikosea, magazeti yanamshambulia. Alijiua mwaka 1865, akiwa na madeni na afya mbovu juu ya kejeli hizo, na baadaye utabiri wa umma ukasitishwa kwa miaka kadhaa.

Sehemu ya lawama inatokana na sisi wasomaji kutoelewa tunachosoma. Tunaona “uwezekano wa mvua asilimia 30”, tunaacha mwavuli, tunalowa, tunalalamika kwamba tumedanganywa. Asilimia 30 si ahadi ya ukavu. Maana yake ni kwamba ukizikusanya siku 100 ambazo mtabiri alitaja kiwango hicho, mvua inatakiwa iwe imenyesha katika siku 30 hivi. Ikinyesha siku tano tu, hapo ndipo ana kesi ya kujibu. Yaani mtabiri hapimwi kwa siku moja, anapimwa kwa rundo la siku, na mashirika ya hali ya hewa hujipima hivyo hasa, tena hadharani. Kwa ujumla kazi yao imepiga hatua: kila baada ya muongo mmoja, utabiri umekuwa ukisogea mbele kama siku moja, kiasi kwamba wa siku tano mbele leo unalingana kwa ubora na wa siku nne mbele wa miaka kumi iliyopita. Nitajieni kipengele kingine cha almanaka chenye rekodi kama hiyo.

Sisemi kila kinachojiita utabiri kiheshimiwe. The Old Farmer's Almanac, inayochapishwa Marekani tangu 1792, hutangaza hali ya hewa ya mwaka mzima kwa kutumia kanuni ya siri iliyoachwa na mwanzilishi wake, Robert B. Thomas, na yenyewe hudai kupatia kwa asilimia 80. Watafiti waliolinganisha madai hayo na hali halisi wamekuta matokeo yasiyo mbali na kurusha sarafu. Na ni lazima iwe hivyo. Mwanahisabati Edward Lorenz alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba tofauti ndogo mno katika vipimo vya mwanzo hukua mpaka hesabu nzima inapotea, na ndiyo maana baada ya wiki mbili hivi hakuna mtu, awe na kompyuta au na kanuni ya siri, anayeweza kukwambia kama Jumanne fulani itanyesha. Afadhali hata yule mnyama wa mji wa Punxsutawney, Marekani, wa ukoo wa kindi, anayetolewa shimoni kila 2 Februari tangu 1887 eti aseme kama baridi itaendelea. Hapatii hata nusu, lakini wenyewe wanajua ni sherehe.

Siku za vituko nazo nimezifanyia hesabu yangu. 19 Septemba ni siku ya kuongea kama maharamia. Iliasisiwa na marafiki wawili wa Marekani, John Baur na Mark Summers, waliokuwa wakitaniana uwanjani wakicheza mpira wa raketi mwaka 1995. Tarehe yenyewe ya mchezo ilikuwa 6 Juni, lakini wakaona si vizuri kuleta mzaha siku ya kumbukumbu ya askari waliotua Normandy, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo wakachukua siku ya kuzaliwa ya mtalaka wa Summers, kwa sababu ilikuwa rahisi kuikumbuka. Mwaka 2002 mwandishi wa safu ya vichekesho Dave Barry akaiandika, ikasambaa. Ndivyo siku nyingi za aina hii zinavyozaliwa, na sioni ubaya wowote. Ubaya ni kuzitia zote katika kapu moja. 19 Novemba, Siku ya Choo Duniani, huchekwa kuliko hata ya maharamia, ilhali Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2013 kwa sababu mabilioni ya watu hawana choo salama. Na 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, imefungamana na kuzaliwa kwa TANU tarehe hiyo mwaka 1954. Almanaka ikiziorodhesha tatu hizi bila kusema nani alizianzisha na kwa nini, imeniachia mimi kazi yake.

Sasa tarehe za kihistoria, ambako hakuna anayesahihisha mtihani. Chukua 23 Aprili. Utasoma kwamba mwaka 1616 Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja, na UNESCO imeifanya siku hiyo kuwa ya vitabu duniani. Inapendeza, lakini haikuwa siku moja. Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori, tunayoitumia leo, Uingereza bado ilikuwa na ile ya zamani ya Juliasi, na pengo kati yao wakati huo lilikuwa siku kumi. Tarehe 23 Aprili ya Shakespeare ilikuwa 3 Mei kwa Wahispania. Isitoshe, wataalamu wengi wanakubali kwamba Cervantes alifariki tarehe 22; 23 ni siku aliyozikwa. Kwa hiyo mmoja alimtangulia mwenzake kwa siku kumi na moja.

Kuhama huko kwa kalenda kumeacha mashimo ambayo waandishi wengi wa almanaka huyatumbukia. Katika Hispania, Ureno na sehemu kubwa ya Italia, Alhamisi ya 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku ule ule, na sikukuu yake mpaka leo ni tarehe 15. Uingereza ilikuja kufanya vivyo hivyo mwaka 1752: ukilala 2 Septemba, unaamka 14 Septemba. Ukiona popote panasema jambo fulani lilitokea London tarehe 8 Septemba 1752, funga ukurasa. Urusi ilichelewa hadi 1918, ndiyo sababu Mapinduzi ya Oktoba yalikuwa yakisherehekewa Novemba. Hata tarehe za juzi tu zina utata. Neil Armstrong alikanyaga mwezi 20 Julai 1969 kwa saa za Houston, lakini kwa saa za kimataifa ilikuwa imeshaingia tarehe 21.

Vya kushangaza sina mengi ya kuvisemea. Ukuta Mkuu wa China hauonekani kutoka mwezini, na Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda anga za juu, aliporudi mwaka 2003 alisema hata kutoka alikokuwa hakuuona. Bado dai kwamba unaonekana linachapishwa.

Kosa ninalolipenda kuliko yote linakutanisha hali ya hewa na kumbukumbu. Kwa miongo mingi, almanaka za 13 Septemba zilisema kwamba siku hiyo mwaka 1922, mjini Al-Azizia, Libya, kipimajoto kilifika nyuzi 58 za Selsiasi, joto kubwa kuliko lote lililowahi kupimwa duniani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaunda jopo kulichunguza. Kazi ilisimama kwa muda mwaka 2011, Libya ilipokuwa katika mapinduzi, kisha ikaendelea mpaka wakafika kwenye daftari lenyewe la kituo. Kipimajoto cha kawaida kilikuwa kimebadilishwa, kikawekwa kingine ambacho asiyekizoea huweza kukisoma kwenye ncha isiyo sahihi ya kiashirio chake. Mwandiko wa daftari unaonyesha kwamba msomaji wa vipimo naye alikuwa mgeni, na namba zilikuwa zikiandikwa katika safu zisizo zake. Kosa lilikadiriwa kuwa kama nyuzi saba. Tarehe 13 Septemba 2012, miaka 90 kamili, rekodi ikafutwa.

Kwa hiyo 13 Septemba bado inastahili nafasi yake kwenye almanaka, ila kwa sababu ya 2012. Rekodi sasa ni ya Death Valley, California, nyuzi 56.7, iliyopimwa 10 Julai 1913. Na hiyo nayo wapo wataalamu wanaoitilia shaka, kwa hiyo atakayeandaa ukurasa wa 10 Julai aiandike kwa penseli.