Nguruwe haji kwenye joto: tumchome sindano au tumlishe?

Huku kwetu Masasi mpaka Ndanda siku hizi mtu akishaona nguruwe wake kaachisha watoto wiki mbili zimepita na joto hana, yaani hataki dume, neno la kwanza ni sindano, mchome homoni atapandwa tu. Mi siipingi sindano yenyewe. PG600 kwa mfano ina homoni mbili, yuniti 400 za moja na 200 za nyingine, zinakuza mayai, na jike aliyepoa au mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, ambaye hajawahi kuona joto mara nyingi anaitika ndani ya wiki. Mwenye majike 30, kila mmoja akipitisha mzunguko wa siku 21 anakula bure, hapo hesabu inakubali kabisa.

Ila twende kwenye mabanda yetu. Mama ananyonyesha watoto 9 kwa pumba tupu, wala mashudu haoni, anaachisha mbavu zinahesabika, joto litoke wapi jamani? Aliyeshiba anakuja mwenyewe siku ya 4 mpaka ya 7, na ukitaka waje pamoja waachishe siku moja basi, hulipi kitu. Halafu wakija wanne kwa mpigo na kila mmoja apandwe mara mbili, dume mmoja atawaweza? Utaenda kuazima dume jingine, na dume la kuazima ndo linaweza kukuletea homa ya nguruwe toka banda la mwenzio, na ile haina dawa.

Pa kukubali napaona kwa mitamba walioshaanza mzunguko. Altrenogest, homoni inayozuia joto kwa muda, unawapa kwenye chakula kila siku kwa siku 14 hivi, ukiacha wengi wanakuja kati ya siku ya 4 na ya 9. Unayetaka nguruwe wa miezi 7 wa kuuza Novemba, wakati watu wana hela za korosho, mama yake apandwe Desemba ya nyuma, mimba siku 114, kwa hiyo kupanga tarehe kuna maana. Lakini ukipunja kipimo anaota vifuko vya maji kwenye ovari, na dawa yenyewe inapenya ngozini, sasa huku anayekoroga chakula cha nguruwe ni nani kama si mama wa nyumba, kwa mkono mtupu? Mjamzito asiiguse kabisa, wengine wavae glavu. Hilo muuzaji anatakiwa alitamke kabla hajapokea hela.