Kiti cha Nje Nacho Kinataka Kutunzwa!

Jamani, nani alitudanganya kwamba kiti cha nje hakitaki matunzo? Eti kwa kuwa ni cha nje, basi kipigwe jua, kinyeshewe, ndege wakichafue mwaka mzima, halafu kikivunjika tunamlaumu fundi!

Leo nimeinua benchi la msaji. Juu limegeuka kijivu, na hilo sina neno nalo, ni jua tu limekula uso wa mbao. Lakini chini ya miguu! Mbao imelainika kama mkate uliolowa, kucha inazama. Miguu imesimama kwenye maji misimu yote, na ncha ya mbao iliyokatwa hufyonza maji kama mrija. Vipande vya tofali tu chini yake vingeliokoa. Vipande vya tofali!

Na hii tabia ya kupaka vanishi juu ya vanishi inayobanduka? Bila msasa, bila kusubiri mbao ikauke? Unyevu umeufungia ndani, kisha unashangaa inatoka magamba kama samaki. Kwenye chuma ndiyo balaa kabisa: rangi mpya juu ya kutu, na kutu inaendelea kula chini kwa chini.

Wengine wanafunika kwa turubai la plastiki, wamelibana mpaka ardhini. Hewa ipite wapi? Ukifunua, mito imeota ukungu, harufu inakufukuza.

Maji, sabuni kidogo, brashi laini, dakika kumi. Kweli na hizo zimetushinda?