Mtalii Asiyekuja Hagongewi Muhuri

Tangu tarehe 23 Oktoba 2025, Mtanzania anayeomba viza ya matembezi au ya biashara kwenda Marekani amekuwa katika kundi la waombaji wanaoweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au hata 15,000 kabla ya kupewa viza hiyo. Na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 amri nyingine ya rais wa nchi hiyo ikawafungia wengi wetu mlango wenyewe. Hasira iliyosikika hapa Dar es Salaam ilikuwa na haki yake. Haikuchukua muda, hata hivyo, kabla mazungumzo hayajageuka kuwa ya kulipiza: wametukazia, nasi tuwakazie, maana Wamarekani ni miongoni mwa makundi makubwa ya watalii wetu kutoka nje ya Afrika, na tayari tunawatoza viza ya dola 100 wakati wageni wa mataifa mengine mengi wanalipa 50. Wenye hoja hiyo hutaja mfano wa Mali, ambayo Oktoba 2025 iliwawekea Wamarekani dhamana kama ile waliyowekewa raia wake, na baada ya wiki chache jina lake likaondolewa katika orodha ya nchi zinazodaiwa dhamana. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya mwaka huo kwisha Mali hiyohiyo iliingizwa katika zuio kamili la kuingia Marekani.

Suala la heshima ya taifa nawaachia wanadiplomasia. Ninalotaka kulipima ni swali lililo nyuma yake: je, nchi ikikaza masharti ya kuingia, watalii hupungua kweli, au hicho ni kilio cha kawaida cha wenye kampuni za utalii wasiotaka kuguswa?

Upande unaosema kwamba hawapungui una ushahidi mzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2024 walifika milioni 2.1, na mapato yakakaribia dola bilioni 4. Katikati ya miaka hiyo masharti hayakulegezwa. Zanzibar ilianza kumtaka kila mgeni kukata bima ya usafiri ya dola 44 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, na wageni wakaendelea kushuka katika uwanja wa Abeid Amani Karume kama kawaida. Kenya nayo, Januari 2024, ilibadilisha viza kwa kibali cha kielektroniki cha dola 30 kikiambatana na tangazo kwamba viza imefutwa, ilhali raia wa nchi kadhaa waliokuwa wakiingia bure walijikuta wakijaza fomu na kulipa. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini mwaka huohuo watalii wa Kenya waliongezeka.

Tena mji huu hauhitaji kufundishwa kwa nini mpaka unalindwa. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam liliua watu 11, siku ileile ambayo lile la Nairobi liliua zaidi ya 200. Ofisa wa Uhamiaji anayechelewesha pasipoti moja ili aiangalie mara ya pili hafanyi ukatili. Na bima ya Zanzibar ina mantiki inayoeleweka: mgeni akivunjika mguu Nungwi akiwa hana bima, gharama ya kumtibu au ya kumrudisha kwao kwa ndege humwangukia mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo si yeye. Dola 44 katika safari inayogharimu maelfu si kitu cha kumfanya Mjerumani abadilishe nia.

Hayo yote nayakubali, na bado naona kwamba wenye kampuni za utalii wanasikilizwa vibaya. Wakilalamika huambiwa kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na ni kweli wana masilahi. Lakini wao pia ndio pekee wanaomwona mtu ambaye takwimu za serikali haziwezi kumwona. Idara ya Uhamiaji humhesabu aliyefika. Huweza pia kumhesabu aliyekataliwa. Yule aliyeifungua fomu saa nne za usiku nyumbani kwake, akaona anatakiwa kuambatisha waraka asiokuwa nao, akaifunga na kununua tiketi ya kwenda kwingine, hagongewi muhuri popote. Habari zake humfikia mtu mmoja tu, wakala aliyekuwa akisubiri malipo ya awali, na humfikia kwa ujumbe mfupi usioeleza mengi.

Kwa sababu hiyo, kusema kwamba watalii wameongezeka tangu sharti lianze hakuthibitishi kwamba sharti halikupunguza watalii. Dunia nzima ilikuwa ikirudi safarini baada ya janga la Uviko-19. Kila nchi yenye fukwe na wanyama ilipanda. Swali lenye maana ni kama tungepanda zaidi, na swali hilo halijibiki kwa kutazama idadi ya waliofika. Kuna pia suala la wakati. Familia inayokuja kuona nyumbu wakivuka Mto Mara mwezi Agosti huwa imelipia sehemu ya safari hiyo miezi mingi kabla, mara nyingi mwaka uliotangulia. Sharti likitangazwa Juni, wale wa Agosti watakuja tu, kwa kuwa fedha zao zimeshakwenda; watakaokosekana ni wale wa msimu unaofuata, na hapo waziri ameshatangaza kwamba mambo ni shwari.

Mfano ninaoufahamu ambao ulionyesha gharama hiyo waziwazi ni wa Afrika Kusini, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu nchi ile haikukosea nia. Mwaka 2014 ilitunga kanuni mpya za uhamiaji zenye mambo mawili makubwa. Kwanza, mwombaji wa viza alitakiwa kufika mwenyewe ili achukuliwe alama za vidole, jambo ambalo kwa Mchina wa mkoa wa mbali lilimaanisha safari nzima ya kwenda Beijing au Shanghai kabla ya safari yenyewe. Pili, kuanzia tarehe 1 Juni 2015, kila mtoto wa chini ya miaka 18 alitakiwa kusafiri na cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na akiwa na mzazi mmoja tu, iwepo pia hati ya kiapo ya mzazi mwingine kuridhia. Lengo lilikuwa kuzuia usafirishaji haramu wa watoto, na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayelidharau.

Lakini angalia jinsi sharti hilo linavyofanya kazi linapomfikia msafiri. Katika nchi nyingi cheti cha kawaida cha kuzaliwa hakina majina ya wazazi wote. Mama aliyeachana na mumewe huhitaji kumtafuta mtu ambaye pengine hasemi naye, amwombe aape mbele ya wakili kwamba anaridhia mwanawe aende kuona tembo. Shirika la ndege, likijua kwamba litaadhibiwa likimleta mtoto asiye na waraka, hukagua kwa ukali kuliko ofisa wa mpakani, na humkatalia kupanda huko huko alikotoka. Sasa, mtoto mmoja akikataliwa, wazazi hawapandi ndege wakamwacha uwanjani. Wanarudi nyumbani wote wanne au watano, na babu na bibi waliokuwa waambatane nao wanarudi pia. Waraka mmoja unaokosekana unaondoa vyumba viwili vya hoteli, gari moja la safari na dereva wake kwa wiki nzima, na hapo bado sijawahesabu majirani waliosimuliwa mkasa huo wakaamua likizo yao ijayo iwe Ugiriki.

Nalisisitiza jambo hili la familia kwa sababu ndilo mahesabu ya serikali huliruka. Huwa tunafikiri kwamba sharti linalogusa asilimia ndogo ya wasafiri litapunguza asilimia ndogo ya wasafiri. Sivyo, kwa kuwa mtalii ni nadra kusafiri peke yake. Kundi la marafiki sita wanaopanga kupanda Kilimanjaro, mmoja wao akiwa na pasipoti ya nchi ambayo raia wake hawapewi viza ya Tanzania hadi Kamishna Jenerali wa Uhamiaji aidhinishe, halisubiri hadi mwezi wa pili kujua kama mwenzao ataruhusiwa. Linachagua mlima mwingine ambao wote sita watafika bila wasiwasi.

Matokeo ya Afrika Kusini yanajulikana. Watalii wa kigeni walikuwa takriban milioni 9.5 mwaka 2014. Mwaka 2015 wakashuka hadi milioni 8.9. Waliozitetea kanuni walisema wa kulaumiwa ni ugonjwa wa Ebola, uliokuwa ukiua Afrika Magharibi na kuwatisha watu wasioijua ramani ya bara hili, na hoja hiyo haikuwa ya kutupwa. Ina upungufu mmoja, nao ni kwamba mwaka huohuo randi iliporomoka, na nchi ambayo fedha yake imeshuka huwa rahisi kwa mgeni. Ilipaswa kuvuta watu, ikawapoteza. Mwezi Oktoba 2015 serikali yenyewe ilikubali kulegeza baadhi ya masharti, na mwaka 2016 wageni wakapita milioni 10. Siwezi kusema kwamba kulegeza peke yake kulileta ongezeko hilo, maana hofu ya Ebola nayo ilikuwa imekwisha. Ninachosema ni kwamba serikali iliyokuwa na takwimu zote mikononi iliamua kurudi nyuma. Sharti la vyeti vya watoto liliendelea kupunguzwa makali hadi mwaka 2019, lilipoondolewa kwa watoto wa kigeni wanaotoka nchi zisizohitaji viza.

Marekani ina historia yake ya namna hiyo. Wageni milioni 51 wa mwaka 2000 walishuka hadi milioni 41 mwaka 2003, na idadi ya awali haikurudi hadi 2006. Sehemu ya anguko hilo ilitokana na hofu ya ndege baada ya Septemba 2001, sehemu ikatokana na mahojiano marefu ya ubalozini na alama za vidole. Mei 2025, Baraza la Dunia la Usafiri na Utalii lilikadiria kwamba matumizi ya wageni nchini humo yangeshuka kutoka dola bilioni 181 mwaka 2024 hadi chini kidogo ya bilioni 169, na kwamba kati ya nchi 184 zilizochambuliwa ni hiyo pekee iliyotazamiwa kushuka. Hapa tena kuna mchanganyiko wa mambo: Wakanada wengi walisusia kwa sababu ya ushuru na maneno makali ya kisiasa, si kwa sababu ya foleni za viwanja vya ndege. Hata hivyo, nchi yenye New York na Florida inaweza kumudu kupoteza mabilioni kadhaa na bado ikabaki tajiri, uwezo ambao sisi hatuna.

Nikirudi nyumbani, naona tofauti ambayo mjadala wetu huichanganya. Ada ni jambo moja, shaka ni jambo lingine. Mtalii akiambiwa mapema kwamba viza ni dola 50 na bima ni dola 44, ataziweka katika hesabu yake pamoja na tiketi na ada za hifadhi, kisha atasahau. Kinachomrudisha nyuma ni kutojua: kama jibu la ombi lake litakuja kabla ya tarehe ya ndege, kama tovuti aliyolipia ni ya serikali au ya matapeli walioiga nembo, kama bima aliyokata kwao itakubaliwa. Ndiyo maana pendekezo la bajeti ya 2025/26 la kuleta bima ya dola 44 Tanzania Bara lilinipa wasiwasi kidogo, si kwa sababu ya kiasi chenyewe. Watu wazima wanne wenye viza ya kawaida wangelipa dola 200 za viza, 176 za bima ya Bara na, wasipoelezwa kama bima moja inatosha pande zote mbili, 176 nyingine za Zanzibar. Jumla ya dola 552 inavumilika kwa wengi. Kisichovumilika ni kugundua ile 176 ya pili bandarini, boti ikiwa imebakiza dakika ishirini kuondoka.

Na Dar es Salaam ndiyo inayoumia kwanza, jambo ambalo wenzetu wa Arusha na Unguja huenda hawaliwazi. Mgeni hapa kwa kawaida anapita: analala usiku mmoja au miwili akisubiri boti au ndege ya ndani, anapita Soko la Samaki Feri, ananunua kinyago Mwenge, anazunguka Kijiji cha Makumbusho akiwa na muda. Safari yake ikiongezewa hatua yoyote yenye shaka, haachi Serengeti. Anaruka moja kwa moja Kilimanjaro au Zanzibar, na usiku ule mmoja ndio unaofutwa. Dereva wa teksi aliyeukosa hana chama kikubwa cha kumsemea, na hata yeye mwenyewe hajui kwamba aliukosa.

Wanaotaka masharti makali hawalazimiki kuyaacha. Wanaweza kudaiwa jambo moja tu, nalo halihitaji sheria mpya. Tangu Novemba 2018 maombi ya viza yetu yanapokelewa mtandaoni, na mfumo wa mtandaoni, tofauti na kaunta, unaweza kuonyesha maombi yaliyoanzwa na kuachwa, ukurasa yalipoachiwa na nchi yalikotoka. Takwimu hiyo ikichapishwa kila mwezi kando ya idadi ya waliofika, kwa miezi sita kabla na sita baada ya sharti lolote jipya, tutajua kama wakala wa utalii anayelalamika anavutia ngozi kwake au anatuambia kweli.